Nondo Zilizongoja Ghorofa

Sogea karibu, wewe unayesoma, na kabla hatujaanza nakuomba utazame dari iliyo juu ya kichwa chako. Ni ya mbao? Ni ya jipsamu? Au ni zege tupu lililopakwa chokaa? Kama ni zege, na juu yake hakuna bati, habari hii inakuhusu kuliko unavyodhani. Nimefanya kazi ya kufunika mapaa ya namna hiyo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa tangu nikiwa msichana mpaka magoti yangu yalipozikataa ngazi. Watu wananiita Fundi Koku. Nitakueleza kazi yetu ilivyokwenda, na hasa nitakueleza juu ya nyumba moja ya Nyaishozi. Mwenyewe alikataa tuifunike huku zege likidondoka vyumbani, na sababu yake mpaka leo siwezi kuicheka.

Siku ya kwanza kazini nilifika karakana yetu ya mapaa, Kayanga, nikitokea kwetu Nyakakika, nimetoka chuo cha ufundi, nimevaa ovaroli iliyonizidi mwili. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Sikupewa nyundo wala tepu. Alinipeleka kwenye jengo lenye paa bapa, yaani paa la zege lililolala kama meza, akanisimamisha ndani, akaonyesha darini.

"Unaona nini?"

"Doa la maji, Mkuu."

"Maji yameingilia wapi?"

Nikanyoosha kidole juu ya doa. "Hapo hapo."

"Haya. Panda ukazibe hapo hapo."

Nikapanda. Nikapima kwa hatua mpaka nikafika juu ya lile doa, nikainama, nikapapasa. Zege lilikuwa zima, halina hata ufa wa unywele. Nikashuka nikiwa na aibu.

"Hakuna tundu, Mkuu."

"Kwa hiyo maji yamepita bila kupiga hodi?"

Mafundi waliokuwa mlangoni wakacheka, nami nikacheka kwa kukosa la kufanya. Ndipo akanieleza. Ndani ya zege mna nondo, na mna mabomba membamba ya kupitishia nyaya za umeme. Maji yakiingia upande mmoja hushika nondo au bomba, yakatembea nalo taratibu, kisha yakadondokea mahali penye upenyo. Doa ni mlango wa kutokea. Fundi anatafuta mlango wa kuingilia, na milango hiyo miwili inaweza kuwa katika vyumba tofauti.

"Nyumba ya bibi yako ilikuwa ya namna gani?" akaniuliza.

"Ya msonge, Mkuu. Ya nyasi, kuanzia kileleni mpaka karibu na ardhi."

"Ilivuja?"

"Haikuvuja."

"Bibi yako alikuwa mhandisi?"

"Hapana."

"Lakini alijua kwamba maji hayapewi kiti. Yakikaa, yanazoea. Yakizoea, yanaingia ndani."

Nilikuja kuona ukweli wa maneno hayo kila nilipopanda paa bapa. Fundi anayelijenga huliwekea mwinamo kidogo ili maji yaende kwenye bomba la kutolea. Lakini zege hulegea kadiri miaka inavyopita, likabonyea katikati, na pale kwenye bonde maji yakapata kiti. Huku kwetu kuna jingine tena. Paa bapa ni uwanja mzuri wa kuanikia kahawa na maharage: kuku hawafiki, mbuzi hawafiki, jua halizuiwi na migomba. Basi maganda ya kahawa huziba bomba la kutolea maji, na mvua ya kwanza ya msimu hukuta bwawa limeshatengenezwa.

Mwenye nyumba akiona inavuja, anamwita fundi wa karibu. Huyo anamwaga tabaka la saruji juu ya zege la zamani. Linakauka, linapendeza, mwaka mmoja unapita, linapasuka, anamwaga jingine. Nimewahi kubandua paa lenye matabaka kama chapati. Kila tabaka lilikuwa dawa ya msimu mmoja na mzigo wa siku zote, maana zege la chini halikujengwa kubeba uzito huo.

Ndiyo maana tulianza kuyavika mapaa hayo kofia ya mteremko. Mara yangu ya kwanza kuifanya kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa Songambele, kule Kyerwa, kwenye ghala la mazao. Huko nilikuwa chini ya Msimamizi wa Kazi, mtu mkimya aliyependa kuonyesha kuliko kusema. Nilimuuliza kwa nini tusilaze bati moja kwa moja juu ya zege, tukaokoa vyuma. Akalaza mabati mawili chini, moja likipanda juu ya jenzake kwa kiganja kimoja, akamwaga kikombe cha maji kwenye maungio, kisha akapiga magoti akayapulizia maji kwa mdomo. Maji yakarudi nyuma, yakaingia chini ya bati la juu kama panya anayejua njia.

"Huo ni mdomo wangu," akasema. "Sasa fikiria upepo wa mlima."

Kisha akainua mabati upande mmoja kwa tofali, akamwaga tena, akapuliza tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Maji yakateremka yakaenda zake. Nilielewa mteremko siku ile kuliko nilivyouelewa chuoni.

Zamani kenchi, yale maumbo ya pembetatu yanayobeba paa, zilikuwa za mbao, na huku mbao nyingi ni za mkaratusi. Mkaratusi ukiwa mbichi ni mzito, ukikauka unajipinda, na mchwa akiuonja anawaita ndugu zake. Kwa zege lililochoka uzito huo ni hatari. Tukahamia chuma chepesi, yaani bati nene lililokunjwa kiwandani likawa na umbo la herufi C. Ukiligonga linalia kama sufuria, lakini ukiliunga katika pembetatu linakuwa gumu ajabu. Kenchi nzima ya chumba kikubwa hubebwa na watu wawili, nao wakawa bado wanapiga soga.

"Lakini wepesi una deni lake," Msimamizi alinionya. "Paa zito hukaa kwa uzito wake. Paa jepesi hukaa kwa bolti. Usipolifunga mpaka chini kwenye kuta, siku moja utalifuata shambani kwa jirani."

Baada ya Songambele nilizunguka vituo vingi, kisha karakana ikanifanya Fundi Kiongozi, na ni kwa cheo hicho nilitumwa Nyaishozi.

Nyumba ilikuwa kando ya barabara. Mbele duka la vitambaa, ubavuni chumba cha cherehani, nyuma vyumba vya kulala. Mwenye nyumba alikuwa Bi. Zuhura, mjane wa Mzee Salum, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani wakifuata kahawa. Juu ya paa, penye kila nguzo ya nyumba, nondo zilikuwa zimeachwa zikichomoza kuelekea angani, tayari kwa ghorofa. Hata ngazi ya zege ilikuwepo, nzuri, ina kishikio cha chuma, inapanda kutoka uani na kuishia juu hewani.

"Shikamoo, Bi. Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Nilitazamia mwanamume mwenye ndevu."

"Ndevu tumeziacha Kayanga, mama. Zinazuia kuona."

Akacheka, akaniingiza kwenye chumba cha cherehani. Aliyekuwa akishona humo ni Esperansi, mama wa makamo ambaye familia yake ilitoka Burundi, mwanakwaya, mwenye ulimi mwepesi kama sindano yake. Cherehani ilikuwa imesogezwa mpaka kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Pale ilipokuwa zamani palikuwa na meza iliyovunjika mguu, na juu yake darini palikuwa na shimo ambalo nondo zilionekana ndani yake kama mbavu.

"Nilikuwa nimetoka kufuata mkaa wa pasi," Esperansi akaniambia. "Kurudi, nakuta bonge la zege limekaa kwenye kiti changu. Nikaliuliza, waitu, mwenzetu, umekuja kupimwa gauni?"

Alikuwa akitania, lakini nilimwona akitupia dari jicho kila mara alipokanyaga cherehani. Nikachukua mpini wa nyundo, nikagonga dari kidogo kidogo kuanzia ukutani. Zege zima hulia kwa sauti kavu, fupi. Lililoachana na nondo zake hulia kama chungu chenye ufa. Kuanzia katikati ya chumba kile mpaka chumbani kwa Bi. Zuhura lilikuwa likilia kama chungu. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, na ukweli ulikuwa mmoja: kama maji yangeingia msimu mwingine, dari ile ingemwangukia mtu.

Swali la kwanza likawa lile lile la siku yangu ya kwanza: maji yanaingilia wapi? Kila mtu alikuwa na jibu. Bi. Zuhura aliwalaumu wategaji wa senene. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukifika, vijana hukodi paa lake, wakasimamisha mabati na taa kubwa ili senene waje kwenye mwanga, wateleze, waanguke kwenye mapipa. "Wametoboa paa langu kwa nguzo zao," akasema. Esperansi alilaumu reki ya kahawa. "Bi. Zuhura anaivuta kama anakwaruza ukoko wa sufuria. Lami yote imekwenda na kahawa."

Mimi napenda sana hatua hii ya kazi, maana hapo fundi anaruhusiwa kucheza. Tulizungusha matuta madogo ya udongo wa mfinyanzi juu ya paa, tukapata madimbwi matatu: moja penye matundu ya wategaji, moja penye uwanja wa kahawa, moja kuzunguka nondo. Tukanunua bluu ya kufulia nguo, tukaikoroga kwenye maji. Unajaza dimbwi moja kwa wakati, unasubiri, na mtu anakaa chini akitazama dari. Mtu huyo alikuwa Esperansi, akiwa amesimama kizingitini na sufuria kichwani kwa usalama.

Dimbwi la wategaji: kimya. Wale vijana walikuwa wameziba matundu yao vizuri kwa lami. Dimbwi la kahawa: zege lilinywa kidogo, likalowa, lakini chini hakikudondoka kitu. Kisha tukajaza dimbwi la nondo. Hatukungoja sana.

"Fundi! Bluu! Bluu inadondoka!"

"Wapi?"

"Kwenye gauni la Komunyo! Mama yangu, gauni la mtoto wa watu!"

Nilishuka mbio. Matone ya bluu yalikuwa yakianguka kutoka kwenye ndoano ya taa, mbali kabisa na nondo tulizozimwagia, juu ya gauni jeupe lililotandazwa. Esperansi alikuwa ameshika kichwa na sufuria yake. Nikamkumbusha kwamba bluu ya kufulia kazi yake ni kung'arisha nyeupe, na kweli, gauni lilipofuliwa lilitoka likimeta kuliko lilivyokuwa.

Nikarudi juu nizitazame zile nondo kwa karibu, na hapo nikakuta jambo ambalo sijapata kuliona kwingine. Shingoni, pale nondo inapotoka kwenye zege, kila moja ilikuwa imefungwa vipande vya khanga kuukuu, vimezungushwa kwa uangalifu na kukazwa kwa kamba, na juu ya khanga mfuko wa plastiki. Zilikuwa zimevikwa kama watoto wakati wa baridi.

Nilimweleza Bi. Zuhura kazi itakavyokuwa: tutakata nondo, tutaziba shingo zake, tutatibu dari, kisha tutasimamisha paa jepesi la mteremko juu ya nyumba yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mengine yote fanya," akasema. "Nondo hazikatwi."

Ili umwelewe, inabidi ujue desturi ya miji yetu midogo. Nyumba yenye nondo juu ni nyumba inayoendelea. Mpita njia akiitazama anasema, hawa bado wanajenga. Ukizikata, umeitangazia barabara nzima kwamba mmefika mwisho wenu. Na nondo zile Mzee Salum aliziacha kwa ajili ya mtoto wao wa pekee, Hamisi, aliyekuwa akifanya biashara Mwanza. Chini wazazi, juu mtoto. Kila sikukuu Hamisi alipiga simu akisema mwakani anapandisha. Mama yake, ili akute kila kitu salama, alikuwa akizivika nondo nguo kabla ya kila msimu wa mvua.

Mhandisi wetu alikuja kutoka Kayanga, akachimba kando ya msingi, akapima nguzo. Alikuwa kijana mwenye heshima. Akaketi na Bi. Zuhura kibarazani.

"Mama, hata nondo zingekuwa mpya kabisa, msingi huu ni wa nyumba ya chini tu. Haubebi ghorofa."

"Mzee wangu alijenga kwa macho yake, baba. Na macho yake yalikuwa mazuri."

"Yalikuwa mazuri, mama. Ila chini ya ardhi hayakufika."

Bi. Zuhura akatazama barabarani. "Basi Hamisi akija ataongeza msingi. Nondo hazikatwi."

Nikampigia simu Mkuu wa Karakana. Aliniambia mambo mawili. "Usipandishe hata bati moja kabla mwenye nyumba hajakubali kwa moyo wake. Na usimwache mtu akae chini ya zege hilo." Tukasimamisha nguzo za muda ndani ya vyumba ili kushika dari. Esperansi akahamisha cherehani kwenye baraza la jirani. Bi. Zuhura akakataa kuhama chumbani kwake. Akawa anazunguka nguzo ile iliyosimama kati ya kitanda na mlango, akiniamkia kila asubuhi kwa kusema, "Huyu mgeni wako hana adabu, amenikanyaga tena." Mawingu yalikuwa yameanza kujaa upande wa ziwa.

Kilichonisumbua kilikuwa swali dogo: zile khanga, hukauka lini? Kulikuwa na jua kali wiki ile. Nikamwomba anisaidie kujua.

"Panda na mimi, mama. Ufungue moja kwa mkono wako. Ulifunga wewe, wewe ndiye unayejua fundo lake."

Akapanda ngazi ile ya zege polepole, mkono kwenye kishikio, akafika juu mahali inapoishia. Alisema hakuwa amefungua khanga hata moja tangu alipozifunga kabla ya mvua za msimu uliopita. Akachuchumaa penye nondo ya pembeni, akafungua kamba, akaondoa plastiki, akafunua khanga. Akaikamua kidogo kati ya vidole viwili. Maji ya rangi ya chai yakatoka.

"Mbona imelowa? Jua lote hili?"

"Plastiki inazuia jua, mama. Mvua inateremka na nondo kutoka juu, inaingia ndani ya nguo, haina pa kutokea. Inabaki inanywewa na chuma."

Ile nondo ilikuwa nene juu, nene kama siku ilipoletwa. Lakini shingoni, pale palipofunikwa, ilikuwa imeliwa mpaka ikawa nyembamba kama mpini wa kijiko. Bi. Zuhura akaigusa. Ikacheza kama jino la mtoto. Akaivuta kidogo tu, ikamkatikia mkononi.

Nikamweleza taratibu, maana alitaka kujua, na mtu anayetaka kujua hafichwi. Chuma kikipata maji na hewa kinageuka kutu, na kutu ni nene kuliko chuma kilichoizaa. Ikivimba ndani ya zege haina nafasi, inalisukuma zege mpaka linaachia na kudondoka. Ndilo bonge lililokaa kwenye kiti cha Esperansi.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimekuwa nikizivika maji," akasema.

"Ulizivika nguo, mama. Maji yalizikuta."

Akakaa pale pale juu ya ngazi, kipande cha nondo kikiwa mapajani, akatoa simu, akabonyeza sauti itoke nje. Nikataka kushuka, akanionyesha kwa mkono nikae.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ya Hamisi.

"Marahaba. Fundi yuko hapa. Anataka kukata nondo za baba yako."

"Aa, mama, asikate! Hiyo ndiyo nyumba yangu ya juu. Mwakani, Mungu akipenda, napandisha."

"Mwakani."

"Ndiyo, mama."

"Na mwaka huu mvua ikinyesha, wewe utalala chumba kipi?"

"Mimi si niko Mwanza, mama."

"Najua uliko. Nakuuliza utalala chumba kipi. Cha cherehani kina shimo darini. Changu kina gogo linanikanyaga. Chagua."

Hamisi akasema, "Basi mama, si uhamie kwa shangazi kwa muda, mpaka nijipange?"

"Baba yako hakunijengea nyumba ili nikae kwa dada yake. Kama nondo zinabaki, njoo ulale chini yake wewe. Kama huji, zikatwe."

Tulisikia pikipiki zikipita huko aliko, Mwanza. Zilipita nyingi.

"Zikatwe, mama," akasema mwishowe.

Bi. Zuhura akafuta uso wa simu kwa upindo wa khanga, ingawa haukuwa na vumbi. "Kata, Fundi. Ila ningoje nifike chini kwanza."

Nitakueleza kwa ufupi tulivyofanya. Kwanza tulipunguza mzigo: tulibandua matabaka ya saruji ya miaka yote kwa patasi na nyundo ndogo, maana nyundo kubwa ingemaliza kile kilichobaki. Tukakata kila nondo chini kidogo ya uso wa zege, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaziba kwa saruji kali. Ndani, tulibomoa zege lililoachia, tukasugua nondo kwa brashi ya waya, tukaongeza nyingine zilipoliwa, tukajaza upya. Kisha tukasimamisha nguzo fupi za chuma, zote juu ya kuta na juu ya nguzo za nyumba, hata moja isikanyage katikati ya zege. Kenchi tuliziunga chini uani, ambako jicho linaona vizuri, tukazipandisha moja moja. Juu yake tukalaza papi, zile fito zinazoshika bati, kisha mabati, kwa skrubu zenye mpira, zikipita mgongoni mwa bati na si bondeni. Bati tulilitoa nje ya ukuta kwa mkono mzima ili mvua idondoke mbali. Ncha mbili za paa tuliziachia matundu yenye wavu, joto litoke na popo wasiingie. Ngazi ya zege hatukuibomoa. Tuliifunika pia, tukaweka mlango mdogo, na pale juu pakawa ghala kavu la magunia ya kahawa. Kuanika, nakiri, hakuwezekani tena. Esperansi alilalamika kwamba sasa kahawa inaanikwa uani kwenye turubai na kuku wanaikanyaga.

Mvua ilikuja tukiwa tunafunga gata ya mwisho, ule mfereji wa kukinga maji ya paa. Sote tukaingia chumba cha cherehani, tukasimama tukitazama juu kama watu walio kanisani. Bati lilipiga kelele mpaka ikabidi tusemeshane kwa sauti.

"Zege lilikuwa linanyamaza!" Bi. Zuhura akalalamika.

"Lilikuwa linanyamaza likinywa, mama!"

Dari ikabaki kavu. Esperansi akavuta kiti, akakiweka katikati ya chumba, pale pale, akatunga uzi.

Hamisi alikuja sikukuu iliyofuata. Nami nilikuwepo, nimekwenda kukagua bolti, maana paa jepesi hukaguliwa baada ya upepo wa msimu wa kwanza. Alipanda ngazi, akazunguka juu ameinama chini ya kenchi, akashuka. Akauliza nondo za baba yake ziko wapi.

"Zile sehemu za juu zilikuwa nzima," mama yake akajibu. "Moja ile pale."

Nondo ilikuwa imechimbiwa ardhini kando ya migomba, na beberu wa sikukuu alikuwa amefungwa kwayo.

"Mama! Urithi wangu unafunga mbuzi?"

"Urithi huo umewahi kufunga nini kabla ya leo?"

Hamisi alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Usiku ule alilala chumba cha mama yake, mama akalala cha wageni, na mvua ilinyesha.

Sasa nimestaafu. Niko Nyakakika, katika shamba la ebitoke, ndizi zetu za kupika, na mafundi vijana huja na picha za mapaa kwenye simu zao, wakinitaka niseme tatizo liko wapi. Huwaambia kwamba picha haigongeki. Bado sijamaliza kuielewa njia ya maji, na ningepewa magoti mapya ningerudi juu kesho, si kwa ajili ya mshahara, bali kwa kutaka kujua. Lakini kama kazi hii imenifundisha jambo, ni kwamba juu ya paa bovu mara nyingi pana mpango wa mtu anayependwa. Fundi asiupuuze mpango huo, wala asiuache uue mtu.

Kwa hiyo, kabla ya mvua zijazo, fanya hivi. Panda juu ya zege lako mchana, funua chochote kilichofunika nondo, uzitazame shingoni. Shuka, chukua mpini wa nyundo, ugonge dari polepole kuanzia ukutani kwenda katikati, ukisikiliza. Ikilia kama chungu chenye ufa, hamisha kwanza wanaolala chini yake, kisha umwite fundi.